Reli ya Mtwara–Mbamba Bay: nani alipe, serikali au wenye makaa?

mwanambinga
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Mbinga, naomba wenye uelewa mnisaidie. Makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka yanapakiwa kwenye malori yanapita Kitai, Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi mpaka bandari ya Mtwara, na tangu vita ya Ukraine ipaishe bei 2022 ni semi usiku na mchana. Lami imebonyea njia za matairi, bodaboda ikikuingiza kwenye ule mfereji kutoka ni kazi, na akina mama wanaouza ndizi kandokando kutwa wanafuta vumbi jeusi kwenye mafungu yao. Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, tunaisikia miaka na miaka. Kwa nini makampuni ya madini yasiijenge yenyewe wakati faida wanachukua wao?

Fundi Lami
Mkuu hiyo mifereji ni uzito wa ekseli. Uharibifu hauendi sawa na mzigo, unapanda karibu kwa kipeo cha nne, yaani ekseli ya tani 10 ukiitwisha 12 inaumiza barabara kama mara mbili. Ndo maana Ludewa kule Lusitu–Mawengi wakamwaga zege kilomita 50, maana ni njia ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Halafu tusisahau Songea–Namtumbo ni msaada wa Marekani kupitia MCC, Namtumbo–Tunduru ni mikopo ya AfDB (Benki ya Maendeleo ya Afrika) na JICA ya Japani, na mkopo analipa hata mkulima wa korosho ambaye hajawahi kuuza kilo moja ya makaa. Hapo ndo panaponiuma.

Mzee wa Nachingwea
Wanangu, kusini tulishakuwa na reli. Mwingereza aliijenga kwa ajili ya mpango wa karanga, Nachingwea hadi bandarini Mtwara, karanga zikagoma, mzigo ukakosekana, 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Mwenye benki leo anauliza hilohilo, nani amesaini kwamba atasafirisha tani ngapi kwa miaka 20? Mkataba wa Liganga na Mchuchuma kati ya NDC (Shirika la Maendeleo la Taifa) na Wachina ulisainiwa 2011 na hadi leo hakuna kiwanda cha chuma pale, sasa reli inasubiri chuma na chuma kinasubiri reli.

Guinea kule kwenye chuma cha Simandou walikaa mezani kampuni ya madini ya Rio Tinto, Wachina na serikali, wakachangia reli moja ya zaidi ya kilomita 600 pamoja na bandari, serikali ikapewa asilimia 15 ya kampuni ya reli, meli ya kwanza ikaondoka mwishoni mwa 2025. Lakini chuma cha pale ni cha kiwango cha juu sana na ni kingi mno, makaa ya Ngaka peke yake hayawezi kubeba reli ya kilomita kama 1,000. Bila Liganga hesabu haikai.

Fundi Lami
Nakubaliana na mzee. Kwa hiyo wakati reli inasubiri, iwekwe tozo ya kila tani ya makaa inayopita mizani, na hela iende kutengeneza barabara ileile, isipotelee kwenye kapu kuu.

mwanambinga
Shikamoo mzee, na asante fundi, nimeelewa sana. Hilo la tozo nitalipeleka kwa diwani wetu, ila atanibana tu, halmashauri tayari inapata ushuru wa huduma, na barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu. Kuna anayejua tozo kama hiyo inapitishwa na nani, baraza la madiwani au mpaka Bunge?