Ukumbi wa zamani Mji Mkongwe: lipu inabanduka, mwangwi mkali. Tuanzie wapi?

Mwanaukumbi: Wakuu, kuna ukumbi wa sinema wa zamani, kuta za mawe ya matumbawe, mita 20 kwa 12, kimo 7. Unageuzwa kuwa wa mikutano na maigizo, watu 200, bila AC. Lipu ya saruji inabanduka hadi mita 1 kutoka chini, na msemaji akiwa jukwaani maneno yanavurugana. Fedha ziende wapi kwanza?

Chokaa_Safi: Kwenye maji, mkuu. Matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini, na lipu ya chokaa huuachia utoke. Saruji imeziba, kwa hiyo unyevu unapanda juu na chumvi inaganda nyuma ya lipu hadi kuisukuma. Bandua hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Nje, shusha ardhi iwe chini ya sakafu ya ndani, tengeneza na mifereji ya paa. Acha ukuta ukauke miezi kadhaa, chumvi ukiifagia kwa brashi kavu. Ukiiosha inarudi ndani. Kisha chokaa iliyolowekwa 1 kwa mchanga 3, mchanga usiwe wa pwani. Kila tabaka mm 10, chini ya magunia mabichi wiki nzima. Likikauka kwa jua siku ya kwanza linageuka unga. Rangi ya plastiki sahau.

Sauti77: Mwangwi unapigika hesabu: sekunde za sauti kufifia = 0.161 × ujazo ÷ ufyonzaji (mita za mraba zinazomeza sauti yote). Ujazo wako ni mita za ujazo 1,680. Kuta, dari na sakafu tupu hufyonza kama 37, watu 200 kama 90, kwa hiyo hata ukijaa una sekunde 2.1. Kwa maneno lenga 1.1, yaani ufyonzaji 246. Pengo la 119 linazibwa na mita za mraba 150 za paneli zenye kiwango cha ufyonzaji cha 0.8, yaani zinameza asilimia 80 ya sauti. Ziweke darini na ukuta wa nyuma. Dari iliyo juu ya jukwaa iache ngumu, inasaidia kurusha sauti. Paneli za makumbi ya nazi zinafaa, ila lazima ziwe na dawa ya kuzuia moto.

Mwanaukumbi: Asanteni. Mkandarasi anataka kumwaga mkanda wa zege juu ya kuta zote.

Chokaa_Safi: Mwambie asubiri. Zege ni zito na gumu kuliko ukuta wa chini, nondo zikishika kutu kwa hewa ya bahari zinavimba na kupasua mawe. Mhandisi akague kwanza ncha za kenchi zinapoingia ukutani, ndipo kuoza huanzia. Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwe mkononi kabla ya nyundo ya kwanza.

Upepo_Kusi: Joto: fungua matundu ya hewa juu kabisa ya paa, na madirisha ya chini pande zinazotazamana. Chini ya mabati weka kizuia joto, kitapunguza na kelele za mvua, la sivyo masika hakuna mkutano.