Mrejesho: Tainan kwa miguu, peke yangu

Wakuu, niliuliza kama Tainan, mji mkongwe wa Taiwan, unatembeleka kwa miguu ukiwa peke yako. Unatembeleka, tena vizuri mno! Nilianzia Hekalu la Confucius la mwaka 1665, nikakatiza vichochoro hadi Chihkan, palipokuwa na ngome ya Waholanzi ya 1653. Pale usipite haraka: kuna kobe tisa wa mawe, kila mmoja kabeba mgongoni bamba refu lenye maandishi. Nilikaa nao muda mrefu sana. Mtaa wa Shennong nendeni jioni, taa zikishawaka.

Kero ni pikipiki. Zimejazana barazani mwa maduka, unalazimika kushuka barabarani. Aliyenishauri nipande basi kwenda Anping, eneo la Tainan lililo pwani, asante sana, ni mbali kweli.