Masaa 15 Addis Ababa nikielekea Guangzhou, nitoke nje au nikae eapoti?

MamaMapazia
Habari zenu wapendwa, naomba msaada wenu mapema kabla mwezi wa kumi haujafika. Ndo mara yangu ya kwanza kusafiri nje, naenda Guangzhou kwenye maonyesho ya Canton alafu nizunguke masoko ya mashuka na mapazia, duka langu liko Kariakoo. Tiketi ni moja tu, Dar–Addis–Guangzhou na kurudi. Sasa aliyenikatia ananiambia Addis nafika saa mbili asubuhi na ndege ya China inaondoka saa tano na nusu usiku, yani masaa kumi na tano na nusu nakaa pale. Shoga yangu aliyewahi kupita anasema nisithubutu kutoka, nitafute kiti nijifunike kanga mpaka usiku. Mdogo wangu nae anasema nitakua nimefanya dhambi kufika Addis nisiione.
Mimi nimekua nikisikia Addis Ababa redioni toka niko darasa la pili, kila kikao cha OAU, ule umoja wa nchi za Afrika wa zamani, baba alikua anatunyamazisha wote nyumbani asikilize taarifa ya habari, kwa hiyo moyo unataka nione hata barabara moja. Ila nina hofu na viza, nina hofu na mabegi, mtaji naubeba mkononi, na Kiamhari sijui hata neno. Nitoke au nikae?

Mzoefu wa China
Dada karibu kwenye njia. Kabla ya kuongelea kutembea tuongelee hiyo hela maana ndo kitu kimenishtua kwenye maelezo yako. Ukikaa upande wa tranziti hujaingia Ethiopia, hela yako ni yako na begi lako. Ukigongewa muhuri ukatoka umeingia nchi ya watu, na Ethiopia wana sheria kali za fedha za kigeni, ukiwa na dola nyingi unatakiwa uzitamke forodhani unapoingia ili usiku wakikukuta nazo unatoka uwe na karatasi ya kuonyesha. Na huko China nako ukiingia na zaidi ya dola 5,000 taslimu unatakiwa kutamka. Mimi nilishaacha kubeba mtaji mkononi, natuma benki kwa benki kwa kiwanda au kwa muuzaji baada ya kuona mzigo, mkononi nabaki na hela ya kula, hoteli na sampuli. Fanya hivyo utatembea Addis na China ukiwa na amani, sio kila mtu akikusogelea moyo unaruka.
Mabegi usiogope kabisa. Tiketi ikiwa moja, Dar wanakubandikia lebo ya mpaka Guangzhou, angalia hicho kikaratasi wanachokupa kiandikwe CAN, hizo ndo herufi za Guangzhou. Ila weka sweta kwenye begi la mkononi, Addis iko juu zaidi ya mita 2,300, sie wa Dar asubuhi tunatetemeka.

Mkenya_wa_Embakasi
Dada salamu kutoka Nairobi. Mimi hupita Bole, hiyo eapoti ya Addis, kila mwaka na sisi Wakenya Ethiopia hatuitishwi viza kwa hivyo mimi huchukua tu pasi natoka. Wewe wa Tanzania usichukue neno la mtu yeyote hapa, hata mimi, ingia kwa tovuti yao ya viza ya mtandaoni uweke pasi yako uone wanasema nini leo, hizi sheria hubadilika na uzi wa mwaka juzi unaweza kukupoteza.
Alafu kuna kitu hujaambiwa. Kama tiketi yote ni ya Ethiopian Airlines, na unangoja zaidi ya masaa manane lakini chini ya ishirini na nne, na hakukua na ndege ya mapema ya kukuunganisha, wao wenyewe hukupa hoteli na chakula na usafiri, na kibali cha kuingia mjini kinashughulikiwa hapo hapo. Muulize aliyekukatia tiketi kabla ya siku ya safari, usingoje kuuliza ukiwa umefika na laini ya watu mia mbili iko mbele yako. Ukipata hiyo hoteli nenda uoge, kula, acha kibegi, alafu utoke na teksi. Kutoka Bole hadi Meskel Square, ule uwanja wa katikati ya mji, ni kama kilomita tano, mji uko karibu sana na eapoti, sio kama kwetu JKIA na Mombasa Road.
Teksi tumia ya apu ama mwambie mtu wa mapokezi akupigie. Laini ya simu unauziwa hapo eapoti kwa pasi, Ethio Telecom iko na Safaricom pia iko huko tangu 2022.

Bibie wa Tanga
Mimi nataka nikwambie jambo moja tu la SAA, na ulishike maana mimi limeniuma mpaka leo. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi Waswahili, jua likichomoza wanaanza moja, saa tatu yao ni saa tatu yetu. Na Addis na Dar hakuna tofauti ya saa hata dakika. Sasa utasema si ndo vizuri, vizuri ndio, lakini wakiongea Kiingereza wengine wanahesabu vile vile kwao.
Mimi nilipewa hoteli kama alivyosema huyo kaka, nimefika asubuhi kama wewe, kijana wa mapokezi ananiambia kwa Kiingereza basi la kurudi eapoti ni «three». Mimi akili yangu ikasema three ya Kiingereza ni saa tisa alasiri, si ndo tulivyofundishwa shule. Basi nikaona muda mdogo, sikutoka, nimeoga nimekula, saa nane na nusu niko chini na kibegi mapajani. Saa tisa ikapita. Kumi. Naogopa hata kwenda msalani nisije nikaachwa. Saa kumi na mbili ndo namfata tena kwa hasira, ananishangaa, ananionyesha saa ya ukutani kwa kidole, alimaanisha saa TATU usiku. Siku nzima ya Addis nimeimalizia kwenye kochi la hoteli nikitazama mlango. Kwa hiyo kila ukiambiwa saa uliza ni mchana au usiku, mwambie akuandikie kwenye karatasi, na uifananishe na tiketi yako ambayo yenyewe imeandikwa kwa saa za kizungu, 23:30.

MamaMapazia
Jamani Bibie pole sana, hilo nisingelijua kamwe. Kaka wa China nimekusikia, nimeongea na benki yangu jana, mtaji sitabeba. Hoteli naenda kuuliza kesho. Sasa nikitoka niende wapi? Sitaki kukimbizana na mji mzima.

Mzee wa Upanga
Binti yangu, usikimbizane. Chagua vitu viwili, cha tatu kiwe kahawa.
Mimi ningeanza na Makumbusho ya Taifa, iko pale karibu na Arat Kilo. Ndipo anapoonyeshwa Lucy, mifupa ya yule kiumbe wa kike wa miaka milioni 3.2 iliyopatikana Hadar mwaka 1974. Wao wanamwita Dinkinesh, maana yake wewe ni wa ajabu. Ile inayowekwa mbele ya wageni ni nakala, mifupa yenyewe imehifadhiwa, lakini simama pale uone jinsi alivyokua mdogo, kimo chake ni cha mtoto wa shule. Ukitoka hapo kanisa la Utatu Mtakatifu liko jirani, ndimo alimozikwa Haile Selassie mwaka 2000, miaka 25 baada ya kufariki kwake. Kama una nguvu nenda Piassa kwenye makumbusho ya Adwa, yamefunguliwa 2024, yanahusu vita vya mwaka 1896 walipowashinda Wataliano. Mimi nilisoma habari hiyo nikiwa kijana, nikawa sielewi jeshi la Afrika limeshinda vipi Wazungu wenye mizinga, pale wanakueleza.
Sasa hiyo redio ya baba yako. Jengo la Umoja wa Afrika, lile refu lililofunguliwa 2012, utaliona kwa nje, ndani bila kibali hawakuingizi, na ndani ya uwanja wao ndiko iliko sanamu ya Mwalimu iliyozinduliwa Februari 2024. Lakini OAU haikuzaliwa pale. Ilizaliwa Africa Hall, tarehe 25 Mei 1963, Mwalimu akiwepo. Mwambie dereva Africa Hall, ni karibu na Meskel Square na ni njiani kurudi Bole. Ila binti yangu nakuomba sana, eneo lile lina ikulu ya zamani na askari, simu weka mfukoni, usipige picha.

Dua_Minnesota
Mimi nitakua tofauti kidogo na wenzangu. Nilipita hapo na wanangu wawili, mmoja wa mwaka mmoja, na nilitoka kwa sababu kila mtu aliniambia toka. Nilichokiona ni foleni ya uhamiaji, foleni ya basi, mtoto analia kwa baridi, na mimi macho mekundu maana usiku wa nyuma sikulala. Dada unatoka Dar alfajiri, hujalala, unakwenda kupanda ndege nyingine ya usiku mzima, na ukifika unaingia kwenye biashara yenye hela yako yote. Usione aibu kuchukua hoteli ukalala masaa manne kwanza. Mji ukibakiwa na mchana wa masaa matano unakutosha.
Na muda uhesabu kwa kurudi nyuma. Ndege nyingi za Ulaya, Asia na Marekani zinaondoka pale usiku kwa mkupuo, kwa hiyo ukaguzi wa kwanza wa mlangoni, uhamiaji, na ukaguzi wa pili kote kunajaa. Ndege yako ni saa tano na nusu, mimi ningetaka saa mbili usiku niko ndani ya eapoti.

Mkenya_wa_Embakasi
Ameongea ukweli huyo mama. Pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba, usiweke kwa begi kubwa. Ukirudi Dar kupitia Addis ukiwa umekaa zaidi ya masaa kumi na mbili wanaweza kukuuliza.
Na kama siku yenyewe itakua Jumatano au Ijumaa, Wakristo wao wa Orthodox wanafunga nyama na maziwa, utapata bayenetu, sinia ya injera, mkate wao laini kama chapati, na mboga aina aina na shiro, mchuzi mzito wa dengu. Hiyo usiikose hata kama si siku ya mfungo. Kama wewe ni Muislamu uliza kabla ya nyama, huko nyama ya Wakristo na ya Waislamu kila mtu ana bucha yake na hoteli yake, hawakasiriki ukiuliza.

MamaMapazia
Wapendwa nimerudi, niko Dar toka juzi, mzigo uko njiani. Nimeona nisipowaandikia nitakua sijatenda haki.
Hoteli nilipata, ilikua kama alivyosema kaka wa Nairobi, niliuliza Dar mapema wakaniandikia. Mpaka nimetoka uhamiaji na kupanda basi dogo ilikua imeshafika saa nne kasoro. Nikalala mpaka saa sita na nusu, dada wa Minnesota Mungu akubariki, nilikua nimechoka kuliko nilivyojua. Saa ya basi nilimwandikisha yule binti wa mapokezi kwenye karatasi, akaandika saa mbili, nikamwuliza usiku? akacheka akachora mwezi.
Nilikwenda makumbusho peke yake, Adwa sikuwahi. Lucy nilimsimamia muda mrefu. Mzee umesema kimo cha mtoto wa shule, mimi nilimuona kama binti yangu wa mwisho akisimama mlangoni. Dereva akanipeleka sehemu ya kahawa, ndogo tu, wamemwaga majani mabichi sakafuni, mama mmoja kakaa kwenye kigoda anakaanga buni mbichi kwenye kikaango, zikianza kutoa moshi anakuletea kikaango puani unuse, alafu anatwanga, anachemsha kwenye birika la udongo lenye shingo ndefu, wanaliita jebena. Pembeni chetezo na ubani kama kwetu siku ya harusi, na bakuli la bisi. Wanatoa vikombe vitatu, cha kwanza abol, cha pili tona, cha tatu bereka, dereva akaniambia bereka ni baraka, nikamwambia hata sisi tunasema hivyo hivyo. Alishika mkono wangu yule mama. Neno la kushukuru ameseginalehu nililirudia mara nne ndo likatoka.
Africa Hall nilifika saa kumi na moja jioni. Sikupiga picha Mzee, simu nilikaa nayo sikioni tu. Nilinunua laini kwa hiyo nilimpigia baba, yuko Korogwe, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nikamwambia baba nimesimama nje ya ule ukumbi. Akasema ukumbi upi? Nikamwambia ule wa mwaka 63. Akanyamaza, alafu nasikia anawaambia wajukuu, nyamazeni, nyamazeni wote. Akasema haya nieleze, lina rangi gani? Nikaanza kumweleza, geti, miti, barabara, magari, mpaka salio likaisha.