Boksi la peremende nusu tupu lakini uzito sahihi: kesi inasimama Marekani?

mlaji_macho
Wakuu, chukulieni boksi la peremende la karatasi ngumu, halionyeshi ndani, na ukilifungua kuna hewa karibu nusu. Uzito halisi ulioandikwa mbele ni sahihi kabisa. Kwa sheria za Marekani mnunuzi ana kesi hapo, au jaji anaitupa mapema? Na aandae nini kabla ya kumwona wakili?

mizani_sawa
Uzito sahihi peke yake haumwokoi mtengenezaji. Kanuni ya FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani), 21 CFR 100.100, inasema kifungashio kisichomwezesha mnunuzi kuona yote yaliyomo kinapotosha kikiwa na nafasi tupu isiyo na kazi. Vita yote iko kwenye hilo "isiyo na kazi". Kanuni inakubali sababu sita: kulinda bidhaa, mahitaji ya mashine ya kufungia, bidhaa kushuka yenyewe wakati wa kusafirishwa, kifungashio kuwa na kazi maalumu (mfano kupikia humohumo), chombo chenye thamani kinachotumika tena, na kushindikana kujaza zaidi au kupunguza boksi, kwa mfano kwa kuwa maandishi ya lazima yasingeenea.

Ila mkuu, mtu binafsi hashtaki kwa kanuni hiyo moja kwa moja, maana kuitekeleza ni kazi ya serikali. Anapitia sheria ya jimbo ya kumlinda mlaji. Akidai masharti ya lebo yaliyo tofauti na yale ya shirikisho, madai hayo yanazimwa.

Jimbo nalo lina uzito wake. Mwaka 2017 kesi ya boksi la peremende za Mike and Ike iliruhusiwa kuendelea mahakama ya shirikisho California. Mwaka 2018 kesi ya peremende za Junior Mints ikatupwa New York: jaji aliona uzito na maelezo mengine ya lebo vinamtosha mnunuzi kujua anapata kiasi gani. Binafsi naona hoja ya California ina nguvu zaidi, kwani dukani mtu huchagua kwa jicho.

risiti_mkononi
Kuhusu ushahidi: "boksi lilikuwa nusu tupu" bila vipimo ni madai mepesi. Nunua maboksi kadhaa yenye namba tofauti za toleo, bakiza mengine bila kufunguliwa, tunza risiti. Piga picha pande zote sita pamoja na namba ya toleo. Fungua kwa juu bila kutikisa, pima kina cha bidhaa na kina cha boksi kwa rula. Kisha gonga boksi mezani, pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inakupa picha ya kiasi kinachoweza kuelezwa kwa kushuka. Kilichobaki juu yake kinahitaji sababu nyingine.

Halafu tafuta boksi jingine la kampuni hiyohiyo, peremende za aina hiyohiyo, lililojazwa zaidi. Hilo ndilo linaloivunja hoja ya mashine. Wengi hulisahau.

mbele_na_nyuma
Niongeze: usichanganye nafasi tupu na maneno ya lebo, hoja zake ni tofauti. Kwenye maneno, kipimo ni mnunuzi wa kawaida angeelewa nini. Katika kesi ya Gerber (kampuni ya vyakula vya watoto) ya 2008, mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa 9 (kanda yenye California) ilikataa hoja kwamba orodha ya viambato ubavuni inasafisha picha za matunda ambayo hayamo. Mwaka 2018 mzunguko wa 2 (kanda yenye New York) ulifuata mkondo huo kwa biskuti za jibini za Cheez-It zilizoandikwa nafaka nzima mbele huku kiambato kikuu kikiwa unga mweupe. Lakini neno la mbele likiwa na utata tu, jaji anaweza kusoma na nyuma.

Kwa California, anayetaka fidia ya fedha chini ya CLRA (sheria ya jimbo hilo ya kumlinda mlaji) lazima kwanza ampelekee mdaiwa barua ya madai kwa posta iliyosajiliwa yenye uthibitisho wa kupokelewa, kisha asubiri siku 30. Ndani itaje kosa lenyewe na itake lirekebishwe. Wanaoruka hatua hii wanaweza kuona madai ya fidia yakiondolewa hata kama vipimo vyao ni safi.