Daraja la Hammersmith: ukarabati ukianza, nani apite kwanza?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Hili linawagusa Waswahili wengi tunaoishi London magharibi, naomba tulichambue kwa utulivu.

Daraja la Hammersmith, linalovuka mto Thames, lilifungiwa magari Aprili 2019 baada ya nyufa kuonekana kwenye vyuma vyake. Agosti 2020, joto lilipopanda, nyufa zikazidi, wakafunga kabisa: waenda kwa miguu, baiskeli, hata boti zilizokuwa zikipita chini yake. Julai 2021 wenye miguu na baiskeli wakaruhusiwa tena. Magari bado, na zamani yalikuwa yakipita kama 22,000 kwa siku. Ukarabati kamili unakadiriwa paundi milioni 250, na mvutano mkubwa ni nani atoe fedha: halmashauri ya Hammersmith na Fulham inayolimiliki daraja, mamlaka ya usafiri ya jiji, au serikali kuu.

Msimamo wangu ni kwamba lisivunjwe, likarabatiwe, ila lisirudishiwe kila aina ya gari. Basi na gari la wagonjwa vipite. Gari binafsi liendelee kuzungukia madaraja ya Putney au Chiswick. Basi namba 209 lilikuwa linavusha watu wa Barnes, upande wa kusini wa mto, hadi kituo cha treni Hammersmith bila shida. Leo abiria anashushwa upande wa kusini, avuke kwa miguu, mvua yake na mizigo yake. Kijana hilo atalimudu. Mzee mwenye goti bovu anayekwenda kliniki Charing Cross, hospitali iliyo ng'ambo tu ya mto, anafanyaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mimi napinga toka mwanzo. Milioni 250 kwa chuma cha 1887? Wavunje, wajenge jipya la kisasa, tumalizane. Dar, Selander lilipozidiwa walijenga Tanzanite pembeni, 2022 watu wakaanza kupita, na la zamani lipo linatumika. Hapa miaka inakatika watu wanabembeleza kutu.

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, Tanzanite limepitishwa juu ya bahari, nafasi ilikuwepo. Hammersmith la pembeni utaliweka wapi? Upande wa kaskazini ni nyumba za watu hadi ukingoni, kusini kuna shule ya St Paul's imekaa pale pale mtoni. Na kuvunja siyo rahisi: daraja linalindwa kisheria kama urithi, mwaka 2008 likapandishwa ngazi moja ya ulinzi, hadi Grade II*, ya pili kutoka juu. Kibali cha kulibomoa tu kingekula miaka.

Mimi ni mtu wa ujenzi, acha nieleze ugonjwa wenyewe, maana wengi mnadhani limechakaa lote. Hili ni daraja la kuning'inia. Minyororo yake inapanda juu ya minara, inashuka hadi kwenye miguu minne ya chuma cha kusubu, miwili kila upande, na pale inapinda kuingia ardhini ilikofungwa. Juu ya kila mguu kulikuwa na beringi za rola ili mnyororo usogee kidogo jua likiwaka au mzigo ukipita. Rola ziliota kutu, zikaganda. Mnyororo ukikosa kusogea, nguvu yote inahamia kwenye mguu. Chuma cha kusubu kinavumilia sana kukandamizwa, lakini kikivutwa kinapasuka ghafla, hakitoi onyo. Ndiyo maana walifunga kwa haraka vile. Tangu hapo miguu imeimarishwa, beringi zilizoganda zimetolewa, zimewekwa za mpira mgumu. Hiyo ni kulituliza tu. Kubeba magari ni kazi nyingine kabisa.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niwe mkweli: mimi napita pale kwa baiskeli na sijawahi kufurahia daraja kama sasa. Hakuna moshi wala honi, watoto wanakwenda shule kwa miguu. Tuliache hivi. Watu wameshazoea.

Mchangiaji wa nne

Kaka, nani amezoea? Nakaa Barnes. Mama mkwe wangu anatembea kwa kiti cha magurudumu. Siku ya kliniki tunatoka nyumbani asubuhi sana kwa ajili ya foleni ya Putney, anafika amechoka kabla hata hajamwona daktari. Hewa safi tunaipenda wote, ila usiseme watu wamezoea wakati walioshindwa kuvuka huwaoni kwa sababu wamebaki ndani.

Mchangiaji wa pili

Dada ana hoja. Ila mwanzisha mada, kwako nina tatizo. Unasema basi lipite, gari dogo lisipite. Kwa daraja, basi ndilo mzigo. Hata kabla ya kufungwa, mabasi ya ghorofa yalishaondolewa pale yakabaki ya deki moja, kwa sababu ya uzito huo huo.

Mwanzisha mada

Nakubali, uzito ndio kiini. Lakini basi moja dogo la umeme, likipita peke yake kwa zamu, siyo sawa na foleni ya magari iliyosimama daraja zima kutoka mnara hadi mnara. Na siyo jambo geni mahali hapa. Daraja la kwanza, la 1827 la mhandisi William Tierney Clark, lilibadilishwa kwa sababu lilizidiwa. Siku za mashindano ya makasia umati ulikuwa unajaa juu yake hadi watu wakaogopa. Mhandisi Bazalgette akajenga hili juu ya misingi ile ile.

Clark huyo huyo ndiye aliyechora Daraja la Minyororo la Budapest. Lilifungwa 2021 kwa ukarabati. Desemba 2022 mabasi yakarudi, huku njia za waenda kwa miguu zikimalizwa hadi Agosti 2023. Wakazi wakaulizwa, wengi wakasema magari binafsi yasirudi. Kumbe inawezekana.

Na hapa London, kampuni za usanifu na uhandisi Foster + Partners na COWI zilipendekeza kuweka njia ya muda ya ghorofa mbili ndani ya daraja lenyewe, magari juu, watu na baiskeli chini, huku vipande vya zamani vikichukuliwa kwa matishari kwenda kutengenezwa kiwandani. Wewe mtu wa ujenzi, tukisema mabasi madogo na magari ya wagonjwa tu, gharama haishuki?

Mchangiaji wa pili

Inaweza kushuka, kwa sharti moja: uamuzi utangulie mchoro. Ukimwambia mhandisi "magari yote", atapiga hesabu ya vyuma kwa siku ile mbaya kuliko zote, foleni imejaa pande mbili. Ukimwambia "basi moja kila upande, tani kadhaa, basi", hesabu ni nyingine. Kwa hiyo wanaogombania nani alipe milioni 250 wanagombania bei ya daraja ambalo hawajakubaliana litabeba nini. Hilo ndilo la kuipelekea halmashauri kwanza, kwa maandishi.