Kifua kubana ukipanda mlima, ukipumzika kinaachia: wenye anjaina tupeane uzoefu

Binti Usambara
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu yuko Lushoto, ana miaka 63. Tangu baridi ianze, kila akipandisha kilima kwenda shamba kifua kinambana katikati, anasema kama mtu kamkalia. Akisimama dakika mbili tatu kinaachia. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo, akazimaliza, hali ileile. Tumemleta Dar, tumeambiwa ni anjaina: mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba kwa mafuta, moyo ukienda mbio damu haitoshi. Waliopitia hili, mnaishi nalo vipi?

Mzee wa Fuso
Pole sana binti. Mimi ECG ya kwanza, kile kipimo cha umeme wa moyo, nilipimwa nimelala, ikaonekana safi. Daktari mwingine akaniuliza tu maumivu yanakuja nikifanya nini. Nikamwambia nikipakua mzigo, nikikaa yanaondoka. Akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya kifuani, ndipo tatizo likaonekana. Mishipa yangu ilizibuliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili: mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa mkono, kisha huachwa kijibomba cha wavu kushikilia njia. Sigara niliacha, na baba kama anavuta aache. Asile akashiba sana halafu akapanda kilima. Asubuhi ya baridi avae vizuri, aanze taratibu.

Mama Kijacho
Jamani, si wote kifua kinauma. Mimi nina kisukari. Nilikuwa nikifua nguo kidogo tu pumzi inakata, mwili unaisha nguvu, taya linauma. Wanawake wenzangu, na wenye sukari, dalili hizo msiziite uchovu wa nyumbani.

Muuguzi wa zamu
Kama amepewa dawa ya kuweka chini ya ulimi, AKAE KWANZA. Inashusha presha, akiwa amesimama anaweza kuanguka. Kichwa kitamgonga, hiyo ni kawaida yake. Dakika 5 zikipita bado yanauma, aweke ya pili. Dakika 5 nyingine bado, tafuteni usafiri wa hospitali hapohapo, msisubiri kukuche. Vivyo hivyo maumivu yakimjia amekaa tu au amelala, au yakianza kuja mara nyingi kuliko alivyozoea: huo ni moyo ulio hatarini.

Vidonge hivyo vya chini ya ulimi vibaki kwenye kichupa chake cha kioo, mbali na joto. Vikifungwa kwenye karatasi vinapoteza nguvu. Na hili wazee huona aibu kulisema, kwa hiyo nalisema mimi: asichanganye kabisa na dawa za nguvu za kiume kama Viagra. Presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Dada, kama wewe huwezi kumwambia, mtume kaka au mjomba.

Binti Usambara
Asante sana muuguzi, mjomba nitamtuma leo. Tatizo lingine, baba anasema akipata nafuu ataacha dawa hizi za kila siku: aspirini ya kuzuia damu kuganda, atorvastatini ya kushusha mafuta na atenololi ya kupunguza mapigo ya moyo.

Muuguzi wa zamu
Asithubutu. Nafuu anayoisikia inaletwa na hizohizo. Atenololi hasa, ikikatwa ghafla maumivu hurudi kwa kishindo, hata moyo kushtuka. Akiona zinamsumbua arudi kwa daktari apunguziwe taratibu. Kabla hamjapanda basi kurudi Lushoto, nunueni za mwezi mzima.