Pampu za mawimbi kwa tangi la lita 200: moja kubwa au mbili ndogo?

Mlezi wa Matumbawe:
Habari zenu, ndugu zangu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 200, lenye urefu wa sentimita 100, ambamo nimefuga samaki wanne wadogo, matumbawe laini na matumbawe magumu mawili yenye polipi kubwa (polipi ni vile viumbe vidogo vyenye mdomo na minyiri vinavyounda tumbawe). Kwa sasa maji yanasukumwa na kichujio peke yake, na nyuma ya miamba uchafu umejaa kiasi kwamba nikipuliza kwa bomba la sindano unatimka kama vumbi. Je, ninunue pampu moja ya lita 4,000 kwa saa, au mbili za lita 2,000?

Kasa:
Nunua mbili, ndugu yangu. Matumbawe ya aina yako kwa kawaida huridhika na mzunguko wa mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa, kwa hiyo lita 4,000 zinakutosha kabisa. Wanaohitaji mara 30 na zaidi ni wale wanaofuga matumbawe magumu yenye polipi ndogo. Hata hivyo, tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi haikuelezi umbo la mkondo, na hilo ndilo lenye uzito. Pampu yenye mdomo mwembamba hurusha maji kama mpira wa bustani, ilhali ile ya propela pana husukuma maji mengi kwa upole. Mimi niliwahi kuelekeza pampu moja yenye nguvu moja kwa moja kwenye tumbawe lililokuwa umbali wa sentimita 15, na baada ya siku chache nyama yake ilikuwa imevutwa upande mmoja, ukingo wa mifupa ukabaki mweupe. Pampu mbili zikiwekwa pande zinazotazamana, mikondo hukutana katikati na kuvurugika, na matumbawe hupenda vurugu hiyo kuliko upepo wa upande mmoja usiokoma.

Mwani:
Naongezea kwamba ni vyema uchague zenye mota ya DC (umeme wa mkondo mnyoofu) na kidhibiti, ili uweze kuzipokezanisha na kuzipunguza usiku. Hakikisha sumaku zinazoshikilia pampu kwenye kioo zinalingana na unene wa kioo chako, na kama una anemone (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri), funika pampu kwa wavu, kwa sababu anemone hutembea na propela humkatakata. Chokaa ikiganda, loweka pampu kwenye siki iliyochanganywa na maji.

Kasa:
Kabla ya kununua, zima taa za chumba, dondosha punje za chakula, kisha utazame zinakoelekea.

Mlezi wa Matumbawe:
Nashukuru sana. Nimefanya jaribio hilo jioni hii: punje zilipita juu ya miamba vizuri, lakini kwenye kona ya nyuma kushoto zilizama palepale bila kusogea. Pampu ya kwanza nitaielekeza huko.